Wasifu wa Johnson Mativo Makau, Aliyehesabu Stameni Nne

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi mliyoshika mkononi ilichapwa mara mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kamati ya mazishi iliyokaa katika ukumbi wa Kaloleni, nayo ilisema marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akaoa, akaugua, akafa. Hayo yote ni kweli. Lakini hata mtu ambaye hakuwahi kumwona Mativo angeweza kuyaandika, na mimi Koki, dada yake wa pekee, nimemjua kwa miaka hamsini na miwili. Mwenyekiti wetu, shemeji yetu Bwana Bedan Gachanja, aliniambia, "Koki, mambo ya majani hayafai kusomwa kaburini." Nilimsikia vizuri. Nikachukua karatasi yao, nikarudisha aya zangu walizozikata, nikaenda kwa mpiga chapa mwingine. Leo ninaisoma yote.

Johnson Mativo alizaliwa tarehe 14 Machi 1932 hapa hapa Mbooni, hatua chache kutoka tuliposimama, akiwa kifungua mimba wa marehemu Makau na marehemu Nthoki. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuhesabu. Akitumwa kuni, alirudi na kuni nusu mzigo na maua mfukoni. Mama alimwuliza, "Mativo, kuni ziko wapi?" Naye alijibu, "Mama, hili lina petali tano, na lile la ng'ambo ya mto lina sita." Alichapwa kwa hayo, tena si mara moja. Kesho yake alikwenda tena kuhakikisha zile sita.

Alisoma katika shule ya misheni ya karibu kuanzia mwaka 1941 hadi 1946, akaishia darasa la sita. Nafasi ya kuendelea ilikuwa moja tu, na ikapewa mtoto aliyekuwa wa nne kwa sababu baba yake alijulikana. Mativo alikuwa wa kwanza. Ninalitaja hili kwa sababu miaka mingi baadaye mtu mmoja mjini alimwuliza mbele za watu alisoma mpaka darasa la ngapi, na kaka yangu, kwa upole wake, akanyamaza. Mimi sina upole huo. Jibu ni darasa la sita, wa kwanza kati ya wanafunzi thelathini na mmoja.

Mwaka 1951 alikwenda Nairobi, akaanza kibarua katika karakana ya reli. Alijifunza kukata na kulehemu bati mpaka akawa fundi kamili, na kuanzia 1956 akakaa Kaloleni, katika nyumba mnayoijua nyote, ile yenye kipande cha ardhi mbele ya mlango. Alifanya kazi miaka thelathini na sita bila kuandikiwa barua ya onyo hata moja. Wenzake wa karakana waliokuja leo wanaweza kusema kama bati alilolehemu Mativo liliwahi kuvuja. Alistaafu Machi mwaka huu. Alistarehe miezi sita tu.

Tarehe 9 Desemba 1961 alifunga ndoa na Teresiah Wacera. Walijuana kwa ajili ya sufuria lililotoboka. Teresiah alilileta lizibwe, Mativo akaliziba, na wiki iliyofuata likaletwa tena likiwa na tundu lililonyooka mno, ambalo yeye Mativo alitambua mara moja kuwa ni la msumari. Alililehemu tu. Wakubwa wa pande zote mbili waliguna kwamba Mkamba na Mkikuyu hawataelewana jikoni. Walielewana jikoni, chumbani na kanisani, na Mungu akawapa watoto watatu: Makau, Nthoki na Wakiuru.

Sasa ninafika mahali palipokatwa.

Mwezi wa Juni 1974 Mativo alitumwa na karakana kutengeneza tangi la maji huko juu, karibu na Timboroa. Kando ya reli, penye udongo uliokwanguliwa, aliona mmea uliosimama wima kufika begani mwake, wenye majani mazito yenye manyoya na maua ya manjano juu ya shina moja. Aliokota ua lililoanguka, akahesabu ndani yake vile vijiti vyenye chavua ambavyo vitabu huviita stameni. Vilikuwa vinne. Akakung'uta mbegu kidogo ndani ya kiberiti kitupu, akaja nazo nyumbani.

Kwenye kitabu alichokisoma maktaba mjini, aligundua kwamba mmea huo unaitwa mullein, wa jamii ya Verbascum. Kitabu kilisema ziko aina zaidi ya moja zinazoota porini kwetu, nazo kwa majani zinafanana kiasi cha kumchanganya mtu. Ukitaka kujua huu ni upi, lazima uhesabu stameni za ua bichi, kwa maana nyingine zina nne na nyingine tano. Ua alilookota lilikuwa limesagika mfukoni. Kwa hiyo akaamua kuupanda mwenyewe, Kaloleni, mpaka utoe ua, ahesabu upya, na mmea ule uandikwe jina lake sahihi mahali mimea inapoandikwa. Ni hilo tu alilolitaka. Hakuomba cheo wala cheti.

Akazipanda mbegu kama anavyopanda mahindi, akazifukia. Hazikuota. Akafukia tena, mara mbili. Hazikuota. Ni Teresiah aliyeotesha, na bila kutaka. Siku moja ya Januari 1975 alikuta mbegu zimemwagika juu ya kitambaa cha meza, akakitoa nje akakikung'uta juu ya udongo mtupu. Wiki mbili baadaye udongo ulikuwa umejaa vichipukizi vidogo. Mativo alichuchumaa pale mlangoni, akasema, "Mama Makau, kumbe hizi hazitaki kufukiwa. Zinataka mwanga." Akaliandika hilo katika daftari lake la jalada jeusi, na pembeni akaandika jina la mkewe kuwa ndiye mvumbuzi. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaandika. Kila mtu alipewa chake.

Mmea huu mwaka wa kwanza hautoi ua. Unalala chini na kutandaza majani tu, unajipanga. Majani hayo ni laini kama blanketi jipya, na ndiyo yaliyomponza mgeni wetu mmoja aliyefika Kaloleni Jumamosi moja, akakuta choo cha pamoja hakina karatasi, akachuma. Alikuwa hajui kwamba yale manyoya huwasha. Jumapili alisikiliza ibada nzima akiwa amesimama. Sitamtaja mgeni huyo kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati. Mativo hakukasirika. Alimwuliza tu amechukua majani mangapi, akaandika daftarini: "Majani mawili, shemeji."

Februari 1976 shina la ua lilianza kunyanyuka. Wiki ileile kulikuwa na habari za mgeni mkubwa kupita mtaani, na mkubwa fulani, ambaye nimeshauriwa nisimtaje, akaamuru mitaa isafishwe. Askari wa mtaa, Bwana Nalianya, akaja na jembe wakati Mativo yuko kazini. Teresiah akamsimamia mlangoni.

"Mama, mimi nimetumwa tu," Nalianya akasema. "Wamesema hii ni tumbako, na tumbako haitakiwi hapa mtaa."

"We Nalianya, tumbako gani hii? Umeshaona tumbako iko na manyoya?"

"Mimi si mtu wa kujua manyoya. Nikiacha, kazi yangu imeenda."

Akang'oa. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko alivyodhani, ikabidi achimbe. Mwaka mzima na mwezi mmoja wa kungojea uliishia kwenye toroli la takataka, na mgeni mkubwa mwenyewe hakupita. Alipitia Jogoo Road, tukasikia ving'ora tu. Nakasirika ninapoandika haya, na sioni kwa nini nisikasirike. Mtu aliyetoa amri ile hakuwahi kushuka garini kutazama ni jani gani.

Mativo alirudi jioni, akaona shimo. Akafungua kiberiti, akakuta mbegu zimebaki. Kesho yake akaomba ruhusa ya kuchukua mabaki ya bati pale karakana. Akachukua madebe matatu, akayatoa mawili vitako, akayalehemu moja juu ya jingine likawa bomba refu kufika kiunoni, kwa sababu sasa aliujua urefu wa ule mzizi. Akatoboa chini maji yatoke, akajaza udongo na kokoto, akakung'uta mbegu juu. Mmea uliota humo, ila ukakua polepole kuliko ule wa kwanza. Likija agizo la kusafisha, yeye na Teresiah waliliinua lile debe refu wakaliingiza ndani, wakala chakula likiwa limesimama kati yao. Na nani alikuwa akija kuwaambia agizo limetoka? Nalianya. Alikuwa akipita asubuhi na mapema, anakohoa mara mbili mlangoni, anaenda zake.

Wakati majani yanajitandaza, mwaka 1977, Mativo alibeba jani moja akaenda kwenye ofisi fulani mjini ambako mimea hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi na kuandikwa jina. Mtaalamu wa pale alilitazama jani bila kuketi.

"Hii tunaijua. Ni ile ya kawaida, ya stameni tano."

"Bwana, umezihesabu?" Mativo akauliza.

"Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Makarani walicheka. Hapo ndipo kaka yangu aliponyamaza. Alichukua jani lake akarudi Kaloleni kwa miguu.

Ua la kwanza lilifunguka asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Juni 1978. Mativo alihesabu kwa lenzi: stameni nne. Akamwita Teresiah ahesabu: nne. Akaniita mimi, nilikuwa nimekuja kuwatembelea, nikahesabu: nne. Akamwita Nalianya, naye akahesabu kwa kidole mpaka tukaogopa atalivunja, akasema, "Ni nne, mzee. Hata mahakamani nitasema nne."

Sasa sikilizeni taabu ya ua hili. Linafunguka alfajiri, na jua likipanda linadondoka. Ukilikausha kwa papara stameni zinashikana, na mtu asiyetaka kukubali atapata pa kubishia. Ilibidi mtaalamu alione likiwa bichi. Kwa hiyo Jumatano Mativo alichukua likizo, akakodi mkokoteni, akalifunga debe lake refu wima kwa kamba, na pamoja na Nalianya, aliyekuwa amebadilisha zamu yake kwa ajili hiyo, wakausukuma kutoka Kaloleni mpaka kwenye lango la ofisi ile. Walifika saa moja. Mtaalamu alifika saa nne na nusu. Maua yote yalikuwa chini.

"Nionyeshe hilo ua," mtaalamu akasema.

"Lilikuwepo, bwana. Kesho litakuwepo jingine."

Alhamisi walirudi. Mtaalamu hakufika kabisa. Ijumaa walirudi tena, na safari hii Nalianya alivaa sare yake, akasimama langoni kana kwamba ametumwa, na gari la mtaalamu lilipoingia saa mbili akaliinulia mkono likasimama. Mtaalamu akashuka akidhani ni jambo la serikali. Kabla hajauliza, Mativo alikwisha kumpa lenzi. Aliinama. Alihesabu. Akahesabu tena. Kisha akasema, "Mm." Ndilo neno pekee kaka yangu alilolipwa. Mativo akakata shina lile na majani, akampa mtaalamu pamoja na nakala ya kurasa sita za daftari: mahali, tarehe, jinsi ya kuotesha, urefu wa mzizi, hesabu ya stameni. Wakarudi na mkokoteni wenye debe lisilo na mmea wakiimba, nasikia, na watu wa Landhies Road wakiwashangaa.

Mwaka 1981 alikwenda kuangalia. Karani mmoja mwema alimfungulia kabati, akamtolea karatasi yenye mmea wake. Aliutambua mara moja kwa jani lenye kovu la kamba ya mkokoteni. Jina la mmea lilikuwa sahihi, wa stameni nne. Mahali palikuwa sahihi. Kwenye mstari wa aliyekusanya na kutambua palikuwa na jina la mtaalamu. Chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa: "Ulioteshwa na mtunza bustani wa Kiafrika."

Mtunza bustani! Hata jina hakupewa. Na aliyeandika hivyo alikuwa Mwafrika kama sisi, tena wa kizazi kilichosomeshwa kwa kodi za watu wanaolehemu mabati.

Mativo alirudi nyumbani, akala, akaosha mikono, akamweleza mkewe kwa sentensi mbili. Aliandika barua nne kwa ile ofisi, mwaka 1981, 1982, 1984 na 1986, zote za heshima, na nakala zake ninazo. Hakujibiwa hata moja. Mwaka 1982 nilikwenda mwenyewe. Mtaalamu aliniambia, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu, hayana haja ya hasira." Nikamwambia, "Bwana, kuhesabu mpaka nne si utaalamu, na wewe hukuweza mpaka ulipozuiwa na askari." Nilitolewa nje na mlinzi. Teresiah alisema nimeharibu. Labda niliharibu. Lakini kaka yangu alipopata habari alicheka mpaka akaketi chini, na tangu mwaka ule wa kabati sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Aliendelea kupanda mullein kila mwaka, mbele ya mlango, na hakuna aliyewahi kuing'oa tena. Watu walikuja kumwuliza kama inatibu kifua, kama inafukuza nyoka, kama inaleta wateja. Aliwajibu wote sawasawa: "Mimi sijui inatibu nini. Najua ina stameni nne."

Alianza kuugua kifua Novemba 1986. Alitibiwa, akapata nafuu wakati wa kustaafu, akarudi kuzidiwa mwezi wa Agosti. Akiwa wodini alimwomba binti yake Nthoki amletee daftari jeusi, si Biblia kwanza, na mchungaji asinikasirikie kwa kuwa Biblia aliiomba siku ya pili. Katika daftari aliandika jina la Nalianya mahali alipokuwa amelisahau, kwenye ukurasa wa mkokoteni. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Septemba 1987, saa nne asubuhi, Teresiah akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Wiki iliyopita ile ofisi ilileta salamu za rambirambi zilizoandikwa, "Kwa familia ya mtunza bustani wetu mpendwa." Hakuwa mtunza bustani wao. Hawakumlisha, hawakumwajiri, hawakumjibu. Shada lao nimeliacha Kaloleni. Nami kwa kuwa karatasi yao ya kabatini haijabadilishwa mpaka leo, nimechapisha ya kwetu, nakala mia tatu, na kila mmoja wenu ameishika:

Mmea: mullein wa mwituni, jamii ya Verbascum, wenye stameni nne.
Mahali: ukingo wa reli karibu na Timboroa, ukapandwa Kaloleni, Nairobi.
Ua la kwanza: Jumanne, 13 Juni 1978.
Aliyeotesha mbegu za kwanza: Teresiah Wacera.
Aliyeshuhudia hesabu na kusukuma mkokoteni: Nalianya, askari wa mtaa.
Aliyeukusanya, akaupanda na kuutambua: Johnson Mativo Makau, fundi wa mabati, Mbooni na Kaloleni.

Marehemu amemwacha mjane wake Teresiah, watoto wake Makau, Nthoki na Wakiuru, wajukuu wawili, mimi dada yake Koki, shemeji yake Bedan Gachanja, ambaye ninamwomba radhi kidogo, na rafiki yake Nalianya, aliyechimba kaburi hili tangu alfajiri bila kukubali kupokewa jembe.

Ombi moja kabla hatujafunika. Mkebe huu wa majani ya chai una mbegu alizozivuna mwaka jana. Tutamfunika kaka yangu kwa udongo kama desturi, kila mtu na mkono wake. Udongo ukishatulia, Teresiah atazikung'uta mbegu juu, kama alivyokung'uta kitambaa kile. Msiweke saruji. Msizikanyage, na tafadhali mtu yeyote asizifukie.

Johnson Mativo Makau apumzike, amefanya kazi yake. Mimi sijapumzika, na sitapumzika mpaka lile kabati lifunguliwe na jina lake liandikwe.